Kaka anataka kunilipia leza ya macho, wifi ananiambia nisithubutu

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Tanga. Nimevaa miwani ya kuonea mbali tangu darasa la sita, baada ya mwalimu kunihamishia dawati la mbele na kugundua kwamba hata hapo ubao siuoni. Namba zilipanda mwaka hadi mwaka, zikaja kusimama nilipofika miaka 25 hivi. Jicho la kulia ni -5.50, la kushoto -6.25. Nikivua miwani, mtu aliyekaa upande wa pili wa meza namtambua kwa sauti.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Mwaka 2014 yeye na mkewe walifanyiwa upasuaji wa leza, hospitali moja, wiki moja. Mkataba wake unaisha mwakani na anarudi nyumbani moja kwa moja, kwa hiyo anasisitiza nikafanyiwe kabla hajaondoka. Tiketi, upasuaji, dawa, vyote juu yake. Ananiambia ni dakika chache tu, nitajuta kwa nini nilichelewa.

Tatizo ni wifi. Mbele ya kaka hasemi kitu, lakini tukiwa wawili kwenye simu ananiambia nisithubutu. Macho yake ni makavu, anatia matone kutwa, akiamka anahisi kama yana mchanga. Usiku taa za magari anaziona zimezungukwa na duara. Na sasa, miaka yote hii baadaye, amepewa miwani tena, ya kusomea. Anasema leza imekwisha nguvu. Kaka akisikia anasema huyo ni mtu wa kulalamika. Yeye anaona vizuri, ingawa alipokuja likizo nilimwona akisoma ujumbe wa simu mkono kaunyoosha hadi mwisho.

Dada, miwani imenichosha. Jikoni inajaa mvuke, mvua ikinyesha sioni, kwenye sijda naivua nikiinuka naitafuta. Mwaka jana bodaboda iliteleza nikiwa nimebeba nguo za bibi harusi. Sikuumia, lakini miwani ilivunjika vipande. Nilishikwa mkono na mtoto wa shule hadi mlangoni kwa mteja kama kipofu. Siku ile nililia, maana marehemu mama yangu miaka yake ya mwisho alikuwa haoni kabisa kwa ajili ya presha ya macho, na sisi ndio tuliokuwa tukimshika mkono. Huwa nawaza labda leza itanikinga nisifike kule.

Kazini miwani hainisumbui. Nikitaka kutunga uzi au kushona shanga na lesi naivua, nainamia kitambaa, naona hadi nyuzi moja moja. Mume wangu anasema jicho si kitu cha kujaribia, ila uamuzi ni wangu. Ninachotaka kujua ni hiki: macho yaliyopigwa leza yanakuwaje baada ya miaka 20? Nikifika 60 nitakuwa nimejiokoa au nimejiponza?

Fundi, Tanga

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa siku ile ya bodaboda. Unauliza habari za leza, lakini naona barua yako imembeba mama yako pia, na kaka na wifi ambao wote unawapenda na kila mmoja anakuvutia upande wake. Mimi si daktari wa macho na sitakuambia nenda au usiende. Nitakueleza yanayojulikana, na nitakuuliza mambo mawili matatu ambayo naona umeyachukulia kuwa yameshajibiwa.

Nianze na hilo la mama, maana ndilo zito. Mtu asiyeona mbali kama wewe, mara nyingi jicho lake ni refu kuliko kawaida kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo picha inaangukia kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaoipokea. Leza hairefushi wala haifupishi jicho. Inachofanya ni kusawazisha konea, ile sehemu angavu ya mbele, ili picha isogee nyuma ifike inapotakiwa. Wewe ukibana gauni likamkaa mteja, mwili wake unabaki ule ule. Ndivyo ilivyo hapa. Hata ukiona vizuri bila miwani, ndani bado ni jicho refu la -6, lenye hatari zake zote za retina kuachia na za presha ya macho (glakoma). Kwa hiyo leza haitakukinga na yaliyompata mama.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi kabla. Presha ya jicho hupimwa kwa kukandamiza konea kidogo au kuipulizia hewa. Konea iliyopunguzwa na leza husalimu amri upesi, na mashine ikasoma namba ndogo kuliko presha halisi. Daktari asiyejua kwamba uliwahi kufanyiwa leza anaweza kukuambia presha yako ni nzuri wakati mshipa wa fahamu wa jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, unaharibika kimya kimya. Kwa mtu ambaye mama yake alipofushwa na ugonjwa huo huo, hili si dogo. Sisi watu wa asili ya Afrika tunapatwa na presha ya macho kwa wingi zaidi, mtoto wa mgonjwa yuko hatarini zaidi, na asiyeona mbali sana pia yuko hatarini zaidi. Wewe una yote matatu. Hata yale matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanayotolewa baada ya upasuaji huweza kupandisha presha kwa baadhi ya watu, hasa wenye ugonjwa huu katika ukoo. Haina maana kwamba leza ni marufuku kwako. Maana yake ni kwamba, leza au bila leza, unahitaji daktari bingwa akutazame mshipa wa fahamu na akupime uwanja wa kuona, yaani unaona hadi wapi pembeni, na arudie kila mwaka. Umewahi kupimwa hivyo tangu mama afariki? Hukuandika, na ningependa ufanye hilo kabla ya kuwaza tiketi.

Sasa njoo kwenye kazi yako. Uliandika kwa kupita tu kwamba ukitaka kutunga uzi unavua miwani. Mimi hapo nilisimama. Jicho la -5.50 bila miwani linaona sawasawa kitu kilicho sentimita 18 mbele yake, na la -6.25 kiasi cha sentimita 16. Ndiyo maana unahesabu nyuzi za lesi wakati fundi mwenzako anahangaika. Uwezo huo utabaki nao hata ukiwa na miaka 60, kwa sababu unatokana na umbo la jicho lako. Ukipigwa leza ukaanza kuona mbali, sentimita hizo 18 zinaondoka. Utategemea lenzi ya ndani ya jicho ijivute ili uone karibu, na lenzi hiyo kwa kila binadamu huanza kukakamaa, dalili zikajitokeza kuanzia miaka 40 na kitu. Wewe una 39.

Hapo ndipo ninapomwelewa kaka yako na mkono wake ulionyooka, na wifi na miwani yake ya kusomea. Hiyo si leza kuisha nguvu. Ni umri, na ungewafikia hata wasingefanyiwa chochote. Tofauti ni kwamba zamani wangevua miwani wakasoma, na sasa hawana cha kuvua. Kwako wewe leza inaweza kukuvua miwani barabarani, jikoni na kwenye sijda, kisha ikakuvisha miwani ya karibu mezani kwa cherehani, siku nzima, ndani ya miaka michache. Inawezekana ukaona hiyo ni biashara nzuri. Miwani ya kusomea si ghali, na mtu haogopi kuivunja njiani. Inawezekana pia ukaona umeuza kitu unachokihitaji zaidi. Mimi sikai kwenye kiti chako.

Ila unaweza kuonja kidogo. Chagua siku yenye kazi ya shanga na lesi, vaa miwani yako ya mbali asubuhi, usiivue hadi jioni. Tunga uzi nayo, fumua mshono nayo. Utakachokiona karibu ndicho takriban utakachokiona baada ya leza, na kusema kweli leza itakuwa ngumu kidogo zaidi, kwa sababu miwani yenye namba za kutoa (-) kama yako, ikikaa mbele ya jicho, humpunguzia mvaaji kazi ya kuona karibu. Ukishindwa sasa hivi, umepata jibu la maana. Ukiweza, jua kwamba una 39, na jiulize habari za 46.

Madaktari wengine huwapendekezea watu wa rika lako njia ya katikati: jicho moja lirekebishwe lione mbali, la pili libakiziwe namba ndogo, tuseme -1.50, lisaidie karibu. Kwa simu na kwa mguu wa cherehani inaweza kutosha. Kwa tundu la sindano sina uhakika utaridhika, maana kazi yako inataka macho yote mawili yapime kina kwa pamoja, na wapo wasioizoea kabisa hali hiyo. Uzuri ni kwamba inajaribiwa kwanza kwa lenzi za kuvaa machoni kwa wiki kadhaa kabla mtu hajagusa konea. Ukiambiwa haina haja ya kujaribu, uliza kwa nini.

Nije kwa wifi, kwa sababu sipendi anavyoitwa mlalamishi. Leza, hasa ile ya LASIK inayofungua kifuniko chembamba cha konea, hukata vishipa vya fahamu vinavyoliambia jicho litoe machozi. Kwa wengi vinaota tena, na ukavu hupungua ndani ya miezi sita hadi mwaka. Kwa wachache haupungui. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani ulioendeshwa na mamlaka ya chakula na dawa, FDA, pamoja na taasisi ya taifa ya macho na wizara ya ulinzi. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 walisema wameridhika na wanavyoona. Lakini kati ya wale ambao kabla ya upasuaji hawakuwa na macho makavu, hadi 28 kati ya 100 walikuwa na dalili hizo miezi mitatu baadaye, na hadi 46 kati ya 100 ya ambao hawakuwa na duara za mwanga, mng'ao au mengine ya namna hiyo walipata angalau dalili moja mpya. Waliopata shida kubwa au kushindwa kufanya shughuli zao kwa sababu ya dalili yoyote moja ya namna hiyo hawakufika 1 kati ya 100. Unaona basi kwamba kaka na wifi wote wawili wanasema kweli, na wote wamo ndani ya hesabu ile ile. Wifi anaishi kwenye kiyoyozi katika nchi ya jangwa, jambo linaloweza kuzidisha ukavu. Wewe unakodolea mshono macho bila kupepesa, pengine na feni juu, na kadiri mwanamke anavyokaribia kukoma hedhi machozi nayo hupungua. Kabla ya kuamua, omba upimwe machozi. Na mwambie wifi asikubali kuishi na matone ya dukani tu. Macho makavu ya muda mrefu yana daktari na yana tiba zaidi ya hayo.

Umeniuliza miaka 20. Mashine za kwanza za leza ya aina hii ziliidhinishwa Marekani mwaka 1995, kwa hiyo yapo macho yenye miaka 30 hivi tangu yafanyiwe, na mengi yanaendelea vizuri. Kundi la madaktari wa Hispania likiongozwa na Jorge Alió lilichapisha mwaka 2008 habari za wagonjwa wa LASIK waliofuatiliwa kwa miaka 10. Wale waliokuwa na namba hadi -10, karibu robo tatu ya macho yao yalikuwa bado hayajapishana na lengo kwa zaidi ya namba moja. Waliokuwa juu ya -10 hawakufika nusu. Mashine za wakati ule zilikuwa za zamani kuliko za leo, lakini mwelekeo ndio huo: namba hurudi kidogo kidogo, na kadiri ulivyoanza nayo kubwa ndivyo inavyorudi zaidi. Wewe uko katikati. Usishangae ukiwa na miaka 50 ukahitaji miwani hafifu ya kuendea safari za usiku, au ukaambiwa leza irudiwe, ikiwa konea iliyobaki inatosha.

Neno hilo, inatosha, ndilo linalobeba usalama wote. Konea ina unene wa kama nusu milimita, wastani maikroni 540 hivi (maikroni 1,000 ni milimita moja). Kifuniko cha LASIK huchukua kama 110, na leza hula kiasi cha 12 hadi 15 kwa kila namba moja. Chini ya kifuniko madaktari hawakubali kubakiza pungufu ya 250, na wengi wanataka zaidi. Konea iliyopunguzwa mno, au iliyokuwa na udhaifu tangu kabla ya upasuaji, huweza kuvimba kwenda mbele taratibu miaka baadaye na kuharibu uonaji. Hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 100, ila likitokea ni janga. Udhaifu huo mara nyingi huonekana mapema kwenye kipimo cha ramani ya konea. Jiulize hili pia: je, una mzio wa macho? Unayasugua? Vumbi la vitambaa na joto la pwani huwasha macho ya wengi, na kusugua macho miaka nenda miaka rudi huambatana na udhaifu huo. Mweleze daktari bila kuona haya.

LASIK siyo njia pekee. PRK ni leza inayopigwa juu ya konea, haina kifuniko. Inauma siku kadhaa na uonaji huchelewa kutulia, lakini hakuna kitu cha kuteguka ukipigwa jichoni, maana kifuniko cha LASIK kimeripotiwa kuhama hata miaka mingi baada ya upasuaji. SMILE ni leza inayokata kipande chembamba ndani ya konea, kikatolewa kupitia tundu dogo. Ipo pia lenzi ndogo inayopandikizwa ndani ya jicho na inayoweza kutolewa, hutumika zaidi kwa wenye namba kubwa au konea nyembamba. Hizo zijadili na daktari ukiwa na vipimo mkononi.

Na kuna njia ambayo sikuiona kwenye barua yako hata mara moja, ya kuwa na miwani ya pili. Siku ile ya bodaboda ungekuwa na miwani ya akiba kwenye mkoba, ungefika kwa mteja na matope tu. Sisemi ndilo jibu, kwa sababu uchovu wako wa mvuke na mvua ni wa kweli na miwani ya pili haiuondoi. Ila hofu ya kushikwa mkono ina dawa ya bei nafuu unayoweza kuipata wiki hii, na ningependa uamue juu ya leza ukiwa hofu hiyo imeshapoa.

Kuhusu haraka ya kaka: nia yake ni upendo mtupu, na nakuomba usimjibu kwa kumpa orodha ya maradhi. Mwombe alipie vipimo kwanza, kabla ya tiketi. Ulizia hospitali kubwa za macho Dar es Salaam au KCMC Moshi kama wanapima ramani na unene wa konea. Konea ikikutwa haifai, mmeokoa safari nzima. Ikifaa, mnaendelea kuzungumza mkijua mnachokizungumzia. Mkataba wake ukiisha mlango haufungwi. Hata Nairobi upasuaji huu unafanyika, na kufuatiliwa karibu na nyumbani kuna faida yake, maana ukirudi Tanga baada ya siku chache jicho likaanza kuuma, aliyekupasua yuko ng'ambo ya bahari.

Jambo la mwisho ni la kaka mwenyewe. Yeye naye ni mtoto wa mama yule yule, na konea zake zilipunguzwa mwaka 2014. Kila mara anapopimwa presha ya macho namba inaweza kusomeka chini kuliko ilivyo, na huenda daktari wake hajui habari za leza wala za mama. Mpigie umwambie akachunguzwe mshipa wa fahamu wa jicho. Kisha yeye na wifi waombe hospitali ile iwape karatasi za vipimo vyao vya kabla ya upasuaji, na waombe sasa, kabla hawajahama Muscat. Siku wakipata mtoto wa jicho, daktari atazihitaji ili akokotoe lenzi ya kuwawekea.